Miezi minane sijaonekana kanisani na hakuna aliyeuliza. Huu ushirika tunaouhubiri uko wapi?

#1 Benchi_la_Nyuma
Wakuu, salaam.

Kisa kifupi. Nilibadilishiwa zamu kazini, Jumapili zikawa siku zangu za kazi. Jumapili ya kwanza dhamiri ilinisuta. Ya pili nikasema moyoni, wiki hii lazima mtu aulize. Ya tano nikaanza kuhesabu kwa hasira. Zamu ilirudi kawaida miezi mitatu iliyopita ila mimi sijarudi. Nimekaa nyumbani makusudi, nataka nione nani atakuwa wa kwanza kusema "mbona huonekani?" Sasa ni mwezi wa nane. Kutoka kanisani nimepokea simu moja tu, ya kunikumbusha ahadi yangu ya mchango wa jengo.

Sina ugomvi na mtu. Nilibatizwa humo, ndoa nilifungia humo, na mahubiri ya "sisi ni mwili mmoja" nimeyasikia hadi nayajua kwa kichwa. Sasa mwili gani huo unaokatwa kidole miezi minane bila kusikia maumivu? Na kama ushirika wenyewe ndio huu, kuna ubaya gani nikisali zangu nyumbani?

#2 Ngoja_Waje
Naweka kambi hapa. Ngoja wachungaji waje.

#3 Zaburi151
Bwana asifiwe. Mleta mada, jibu lako liliandikwa zamani, Waebrania 10:25: "wala tusiache kukusanyika pamoja, kama ilivyo desturi ya wengine." Hao "wengine" ndio nyinyi, mlikuwepo tangu karne ya kwanza. Umeacha mwenyewe, umejificha mwenyewe, halafu unawalaumu ambao hawakukutafuta. Wewe ndani ya hiyo miezi minane umempigia nani?

#4 Mama_Mapacha
Zaburi151, kabla ya 25 kuna 24, kaka yangu. "Tukaangaliane sisi kwa sisi na kuhimizana katika upendo na kazi nzuri." Kuangaliana kumetangulia, kukusanyika kukafuata. Ila 24 hauhubiriwi sana kwa sababu unaojaza viti ni 25.

#5 Kipaza
😂😂 #4 umemfungia mtu mlango na ufunguo ukaondoka nao.

#6 Karani_Mstaafu
Vijana, nimekuwa katibu wa kanisa miaka kumi na moja, niwape siri ya ofisini.

Kila Jumapili tulihesabu watu. Mzee wa zamu anapita pembeni na kalamu: wanaume wangapi, wanawake wangapi, watoto wangapi. Nikiulizwa Jumapili fulani tulikuwa wangapi, nilifungua daftari na kujibu hadi mtu wa mwisho. Lakini kama Jumapili hii tuko 412 na iliyopita tulikuwa 412, huenda hamsini wametoka na hamsini wengine wameingia, daftari halisemi. Daftari pekee lililokuwa na majina ya watu lilikuwa la bahasha na ahadi. Bahasha isipoonekana, jina linapigiwa mstari.

Kwa hiyo mleta mada hukusahaulika, ulikuwepo kwenye daftari lile pekee lililokuwa na jina lako. Nasema hivi kwa aibu, maana mistari mingine niliipiga mimi.

#7 Benchi_la_Nyuma
#6 Mzee, shikamoo. Umenielewesha jambo ambalo sikuwa nataka kulielewa.

#8 Mla_Kamusi
Niongeze upande wa lugha, maana naona watu wanalitumia neno bila kulipima.

Kiswahili kimezaa watoto wengi kutoka tumbo moja: shiriki, shirika, ushirika, mshiriki, mshirika. Walutheri wana usharika, ambao ni kundi la waumini wa eneo moja na mchungaji wao, na wanaojiandikisha humo ni washarika. Tofauti ni irabu moja, ila mtu anaweza kuwa msharika miaka thelathini bila kuonja ushirika hata siku moja. Hiyo ndiyo kesi ya mleta mada.

Kiyunani ni koinonia, na matumizi yake yatawashangaza. Matendo 2:44 waamini walikuwa na "vitu vyote shirika", ni shina lilo hilo. Kikombe cha baraka katika 1 Wakorintho 10:16 ni "ushirika wa damu ya Kristo", ni koinonia. Luka 5:10 Yakobo na Yohana ni "washirika wa Simoni", maana yake wenza wa biashara ya uvuvi. Na Warumi 15:26, Makedonia na Akaya walipochangia maskini wa Yerusalemu, Paulo aliita koinonia, na Biblia yetu ikatafsiri "changizo".

#9 Kipaza
Kwa hiyo ile simu ya mchango wa jengo ilikuwa ushirika?! Mleta mada funga uzi, umeshapigiwa.

#10 Mla_Kamusi
#9 Kitaalamu sikukatalii 😄

#11 Fundi_Saa
Marekebisho madogo kwa #8. Luka 5 ina maneno mawili. Mstari wa 10 ni koinonoi, sawa. Mstari wa 7, pale wanapowapungia mikono wenzao wa chombo cha pili, ni metochoi. Maana zinakaribiana ila si neno moja.

Tukiwa hapo hapo, tazameni hicho kisa. Nyavu zinataka kukatika, samaki wamezidi, na waliomo chomboni wanapunga mikono. Wenzao wakaja. Hakuna aliyebaki kimya chomboni akisubiri aonekane anazama.

#12 Zaburi151
#11 Ubarikiwe. Ndicho nilichosema #3. Mleta mada hukupunga mkono.

#13 Jani_Kavu
Samahani, mimi huwa nasoma tu humu, leo niseme. Nilipunga mkono.

Nilikuwa kwenye kikundi kidogo cha maombi, watu tisa, tunakutana nyumba kwa nyumba. Siku moja kiongozi akasoma Yakobo 5:16, "ungameni dhambi zenu ninyi kwa ninyi, na kuombeana, mpate kuponywa." Nikasema jambo la ndoa yangu ambalo sikuwahi kulisema popote. Walilia nami. Nilitoka mwepesi kama niliyetuliwa gunia. Wiki iliyofuata mwanakwaya ambaye hata si wa kikundi chetu akaniuliza kwa upole kama "lile jambo" linaendelea vizuri. Nilipofuatilia, kila mmoja alikuwa amelisema kwa mtu mmoja tu, "ili amwombee dada yetu".

Ni umbeya uliovaa joho la maombi. Nasali nyumbani mwaka wa tatu sasa. Zaburi151, niambie nipunge tena kwa nani.

#14 Mama_Mapacha
#13 Pole sana mdogo wangu.

#15 Mwalimu_wa_Sarufi
Pole #13. Sina jibu la swali lako, ila nina jambo la darasani linalogusa uzi mzima.

Chukueni amri za Agano Jipya zinazohusu waumini wao kwa wao, mtazame mwisho wa vitenzi: mpendane, mkaribishane, mchukuliane mizigo, kuombeana, kuhimizana, kusameheana. Wote mnaiona hiyo -ana? Sisi tunaiita kauli ya kutendana. Kiyunani kinatumia neno linalojitegemea, allelon, na limo Agano Jipya kama mara 100. Kiswahili kimelishona ndani ya kitenzi chenyewe.

Sasa mleta mada anauliza kuna ubaya gani kusali nyumbani. Kusali unaweza. Kufunga unaweza, kusoma unaweza, kutoa unaweza. Kupendana huwezi. Mtu mmoja hatendani. Sehemu nzima ya amri inabaki haina pa kutekelezewa, hata uwe na moyo safi kiasi gani.

#16 Kipaza
Leo nimependa sarufi kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe.

#17 Zaburi151
#15 umemaliza kila kitu. Mods fungeni.

#18 Mgomvi_wa_Hoja
Msifunge kwanza. Mwalimu, -ana hiyo hiyo ndiyo iliyomo kwenye kusengenyana, kugombana na kutupiana lawama. Paulo mwenyewe aliiona, Wagalatia 5:15: "mkiumana na kulana, angalieni, msije mkaangamizana." Vitenzi vitatu, vyote vya kutendana, na alikuwa anaandikia kanisa! Dada wa #13 alitendwa na watu waliokuwa wanatendana vizuri sana.

Wagalatia hao hao, sura ya 6: mstari wa 2 "mchukuliane mizigo", mstari wa 5 kila mtu "atalichukua furushi lake mwenyewe". Kuna mizigo ya wote na kuna furushi lako. Makundi mengi ya maombi hayajui kutofautisha, yanataka kufungua kila furushi mezani.

#19 Mwalimu_wa_Sarufi
#18 Nakubali, kauli ya kutendana haina maadili yake yenyewe. Ila furushi la mstari wa 5 ni uwajibikaji wa mtu kwa kazi yake, soma wa 4. Siri za ndoa sizioni humo.

#20 Mgomvi_wa_Hoja
Nimesoma wa 4. Bado nasimama nilipo.

#21 Mchunga_Wachache
Ngoja_Waje aliwasubiri wachungaji, nimekuja. Natumia jina la siri kwa sababu za wazi.

Mleta mada, nakuomba radhi kwa niaba ya mwenzangu ambaye simjui. Huku madhabahuni ninaona hivi: ibada mbili, watu kama mia saba, mchungaji mmoja, na simu ambayo haizimi. Walio na msiba nawaona. Walio hospitali nawaona. Wanaogombana wananiletea ugomvi wao mlangoni. Mtu mwema, asiye na shida, anayekaa nyuma na kuondoka baada ya baraka, huyo ndiye anayepotea mikononi mwangu. Ni rahisi kuamini kwamba yuko salama.

Hili si la leo. Matendo 1:15 walikuwa kama 120. Siku ya Pentekoste wakaongezeka watu kama 3,000. Sura ya 4 wanatajwa wanaume 5,000. Fungua ya 6 mstari wa kwanza: manung'uniko, kwa sababu wajane wa Wayahudi wa Kiyunani "walisahauliwa katika huduma ya kila siku". Kanisa lenye mitume kumi na wawili walio hai lilisahau watu. Mitume hawakusema "wale wajane wangejitokeza wenyewe", na wala hawakuahidi kuwatembelea wao. Waliagiza kanisa lichague watu saba wenye kazi hiyo moja.

Kanisani kwangu nina kamati ya jengo, ya kwaya, ya vyombo, ya fedha. Ya kuuliza "fulani yuko wapi" sina. Naandika hapa huku najiuliza kwa nini.

#22 Karani_Mstaafu
Mchungaji, kamati hiyo tuliwahi kuiunda. Ilikufa ndani ya miezi minne kwa sababu ilianza kuuliza pia "kwa nini hukutoa".

#23 Mla_Vitabu
Karani, hapo historia imegeuka kichwa chini. Mwaka 1742 kule Bristol, watu wa mhubiri John Wesley walikuwa na deni la nyumba yao ya mahubiri. Mmoja akapendekeza kila mtu atoe peni moja kwa wiki, na kila kiongozi apewe watu kama kumi na mmoja wa kuwapitia. Viongozi walipoanza kugonga milango kukusanya peni wakakuta huyu mgonjwa, yule mlevi, yule hasemezani na mkewe. Wesley akaona hicho ndicho alichokuwa akikitafuta. Yakazaliwa "madarasa", yaani vikundi vidogo vya kila wiki, ambayo yalikuwa uti wa mgongo wa Umethodisti kwa vizazi.

Walianzia kwenye deni la jengo! Mleta mada, simu uliyopigiwa ingeweza kuwa mwanzo wa kitu, kama aliyepiga angeanza na "hujambo".

#24 Kipaza
Nilisema funga uzi tangu #9, mkanicheka.

#25 Mpenda_Takwimu
Naona hoja nyingi za maandiko, nilete za utafiti.

2010, Chaeyoon Lim na Robert Putnam walichapisha utafiti wa Marekani kuhusu dini na kuridhika na maisha. Wanaohudhuria ibada mara kwa mara walikuwa wameridhika zaidi, hilo halikushangaza mtu. Cha ajabu ni kwamba faida ilikuwa kwa wenye marafiki wa karibu ndani ya kusanyiko lao. Waliohudhuria sana bila kuwa na rafiki humo hawakuwa na furaha zaidi kuliko wasiohudhuria kabisa. Benchi_la_Nyuma, hapo ulipo kwenye jedwali unapajua.

2016 wakatoka wa Harvard na wauguzi wanawake zaidi ya 74,000 waliofuatiliwa miaka mingi. Waliokuwa wakihudhuria zaidi ya mara moja kwa wiki walikuwa na hatari ya kufa iliyo chini kwa asilimia 33 katika kipindi hicho kuliko wasiohudhuria. Kuwa na watu wa kukutegemeza kulieleza sehemu tu ya tofauti hiyo, kama robo hivi.

#26 Mgomvi_wa_Hoja
Mgonjwa mahututi haendi kanisani. Wanaoenda ni wale wenye afya ya kwenda. Umegeuza mkokoteni mbele ya punda.

#27 Mpenda_Takwimu
#26 Walilizingatia, walipima afya na mahudhurio kwa nyakati tofauti na kurekebisha. Haimalizi shaka yote, huo si utafiti wa kugawa watu kwa bahati nasibu. Huwezi kumwamuru mtu asiende kanisani miaka kumi na sita ili uone kama atakufa.

#28 Mpita_Njia
Mimi si muumini, msinirushie mawe. Hayo yote mnayosema (marafiki, kujuliwa jina, kutafutwa) hata timu ya mpira wa mtaani inayo. Sasa cha Kikristo hapo ni kipi?

#29 Mama_Mapacha
#28 Swali zuri. Jibu langu la haraka: timu unachagua, kanisani unakuta. Mimi namkaribia mezani mwa Bwana mtu ambaye nisingemkaribisha kwangu. Wakorintho ndilo lililowashinda, 1 Wakorintho 11, matajiri wakatangulia kula na kulewa, wengine wakabaki na njaa. Paulo hakuwaambia wamekosa adabu. Aliwaambia wakikutanika namna hiyo, wanachokula si chakula cha Bwana.

#30 Mla_Vitabu
Niongeze kwa #28. Kama mwaka 112 hivi, Plinio, liwali wa Bithinia, alimwandikia Kaisari Trajano akieleza Wakristo aliowahoji: walikutana siku maalumu kabla ya mapambazuko, wakaimba kwa kupokezana kumwimbia Kristo kama mungu, wakaapa kutoiba, kutozini, kutosaliti amana, kisha wakatawanyika na kukutana tena kula. Serikali haikuogopa mtu mmoja mmoja aliyesali chumbani. Iliogopa kukutana kwao, na Plinio alikuwa amepiga marufuku vyama.

#31 Mkimya_Daima
Salaam. Naomba mtutetee na sisi. Nyinyi mnaosema sana mnadhani ushirika ni kushikana mikono, "mgeukie jirani yako umwambie", vikundi, kambi. Mimi nikitoka kwenye ibada ya namna hiyo nalala mchana mzima. Antoni wa Misri alijifungia kwenye ngome iliyoachwa kama miaka ishirini na mnamwita baba wa watawa, hakuna aliyemwambia kaacha kukusanyika.

#32 Mla_Vitabu
#31 Ni kweli, ila watu waliuvunja mlango wakamtoa 😀. Pakomio, Mmisri mwenzake wa karne ya nne, naye alianza kama mkaa pweke, akaishia kujenga jumuiya ya monasteri nyingi. Jina ambalo watu wake waliuita umoja wao ni lile la Mla_Kamusi: Koinonia. Na Basili wa Kaisaria aliwauliza wakaa pweke swali gumu: ukiishi peke yako, utamwosha nani miguu?

Ila nakuunga mkono nusu. Dietrich Bonhoeffer, mchungaji Mjerumani aliyeongoza seminari ya siri ya Finkenwalde mpaka Gestapo, polisi wa siri wa Hitler, wakaifunga 1937, alionya pande zote mbili: asiyeweza kuwa peke yake ajihadhari na jumuiya, na asiye ndani ya jumuiya ajihadhari na upweke.

#33 Mkimya_Daima
Nusu inatosha. Asante.

#34 Kitanda_Na_Dirisha
Mimi naugua, ibada naifuata kwa simu mwaka wa pili. Kuna ndugu aliwahi kuniambia ibada ya mtandaoni si ushirika, akanitajia 2 Yohana 12, mtume hakutaka karatasi na wino, alitaka kuja waseme mdomo kwa mdomo. Sawa. Lakini aliandika hilo kwa karatasi na wino! Na Paulo kwa Wakolosai 2:5, hayupo kwa mwili ila yupo nao kwa roho.

Ninachokikosa si mahubiri. Mahubiri ninayo hadi ya ziada. Nakosa mtu wa kunikatiza nikiongea.

#35 Fundi_Saa
#34 Ugua pole. Justino shahidi alieleza ibada ya Jumapili katikati ya karne ya pili: baada ya mkate na kikombe, mashemasi waliwapelekea wasiokuwepo. Wasiokuwepo walihesabiwa kuwa sehemu ya ibada ile ile. Mtandao umekuletea sauti, shemasi bado yuko njiani.

#36 Nane_Kamili
Kwetu Wakatoliki kila mtu ana jumuiya ndogo ndogo, usipoonekana wanagonga. Shida yetu ni ya upande wa pili, wanagonga mno, na wengine wanakuja kwa sababu siku moja watahitaji barua ya mwenyekiti. Mleta mada hamia huku, utatafutwa hadi uchoke.

#37 Siku_ya_Saba
Au njoo Jumamosi, zamu ya Jumapili isingekusumbua tangu mwanzo.

#38 Kipaza
Nilijua tu #37 atatokea.

#39 Msimamizi
Sabato ina uzi wake. Tubaki kwenye mada.

#40 Benchi_la_Nyuma
Wakuu, nimesoma yote, mengine mara mbili. #13 samahani, yangu ni madogo mbele ya yako.

Zaburi151 aliniuliza nimempigia nani. Nilikasirika, nikaandika jibu refu, nikalifuta. Kuna mzee tunakaa naye benchi moja la nyuma, upande wa mlango. Miaka sita. Ananiwekea nafasi kwa kofia yake, mimi namfungulia kitabu cha nyimbo maana macho hayaoni namba. Juzi nilitaka nimpigie, nikagundua sina namba yake, na jina lake silijui. Namwita "mzee wangu", ananiita "kijana".

Sijui kama kofia bado anaiweka.

#41 Karani_Mstaafu
Kijana, kofia hiyo haikuwemo kwenye daftari langu lolote.

#42 Mgomvi_wa_Hoja
Hata hivyo haiondoi kosa la uongozi. Msimgeuzie mleta mada kesi.

#43 Ngoja_Waje
Zaburi151 mbona kimya? Tangu #17 hajaonekana, na si kawaida yake kumwachia mtu neno la mwisho. Mwenye mawasiliano naye amcheki.

#44 Zaburi151
Nipo, simu ilikuwa kwa fundi. Asante Ngoja_Waje.

Nimesoma yote. #13 dada, nilikuwa na haraka, nisamehe. Lakini hoja yangu siiachi. Luka 15 ina waliopotea watatu. Kondoo alitafutwa. Shilingi ilitafutwa. Mwana hakutafutwa, baba alibaki nyumbani na mwana akarudi kwa miguu yake. Kondoo hajui njia, shilingi haina miguu, mwana anavyo vyote viwili. Mleta mada ni yupi kati ya hao?

#45 Mama_Mapacha
Endelea kusoma kaka. "Alipokuwa angali mbali, baba yake alimwona." Humwoni mtu angali mbali kama hukai ukitazama njia.

#46 Zaburi151
Sawa, alitazama. Lakini hakupiga simu.

#47 Kipaza
😂😂😂

#48 Mgeni_wa_Leo
Habari wadau. Nimesoma ukurasa wa kwanza tu. Mleta mada, wewe umejaribu kuwapigia wao?